Nane Bora za Kutuliza Moyo, Kibiti hadi Deltani

Ukishuka kwenye basi la kusini pale Kibiti, kabla mguu wa pili haujagusa chini umeshauziwa korosho, maji ya baridi na dawa ya ugonjwa usio nao. Presha, sukari, kiuno, usingizi, mawazo: vyote vimo kwenye chupa moja, na muuzaji anakuapia kwamba shemeji yake alipona Jumanne.

Leo nashughulika na hiyo ya mawazo. Huzuni isiyoondoka, yaani sonona, pamoja na wasiwasi na usiku wa macho makavu. Watu wa huku wana sababu nzito za kuitafuta dawa yake. Mwaka 2016 na 2017 Kibiti na Rufiji zilizika viongozi wa vijiji na askari waliouawa mmoja baada ya mwingine. Aprili 2024 mto ulipanda, ukameza mashamba na nyumba. Na hata mwaka ukiwa mzuri, anayelala peke yake juu ya dungu kulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori ana saa nyingi mno za kuwaza. Bibi akimletea mtu huyo kikombe cha majani, si jambo la kucheka. Ni la kuuliza: kinafanya kazi gani mwilini, na kinafika wapi?

Nimepanga nane bora hizi kwa kigezo kimoja: kiasi gani dawa inafika ubongoni. Namba 8 haifiki kabisa. Namba 1 inafika na kufanya inachotaka. Kwa hiyo namba inavyoshuka, hamu ya kujijaribia nyumbani nayo ishuke.

8. Korosho

Samahani, Kibiti. Najua zao hili ndilo linalowalipia ada za shule, lakini uongo unaozunguka kwenye simu lazima uishe leo: eti viganja viwili vya korosho ni sawa na kidonge cha sonona. Si kweli.

Uongo huu umesimama juu ya ukweli mdogo. Korosho ina triptofani, na mwili hutumia triptofani kutengeneza serotonini, kemikali inayosaidia kuratibu hisia, usingizi na hamu ya kula. Tatizo ni safari. Triptofani haiingii ubongoni yenyewe. Inabebwa, na mbebaji huyohuyo anasubiriwa na chembe nyingine za protini zilizomo kwenye korosho ileile, tena nyingi kuliko yeye. Ni boti ya Nyamisati kwenda Mafia siku ya kuamkia Idi: tiketi unayo mkononi, lakini mbele yako wamejipanga ukoo mzima na magodoro yao.

Korosho ina mafuta mazuri na magneziamu, na mnada ukienda vizuri ina bei. Hiyo bei ndiyo sehemu yake inayotibu huzuni haraka zaidi. Muulize mkulima yeyote siku malipo yanapoingia.

7. Mchaichai

Uko nyuma ya kila nyumba, karibu na bomba au pipa la maji. Mtoto akikosa usingizi, mchaichai. Mgeni akija bila taarifa na majani ya chai yameisha, mchaichai, na anaambiwa ni kwa faida ya afya yake.

Wabrazili nao wanaunywa sana kwa ajili ya kutuliza mishipa, na miaka ya 1980 watafiti wao wakaamua kuupima kwa watu wazima wenye afya. Hawakuona tofauti kati ya mchaichai na kinywaji cha bandia, wala kwenye usingizi wala kwenye wasiwasi. Hawakuona sumu pia.

Je, tuung'oe? Thubutu! Anayekunywa mchaichai usiku badala ya chai ya rangi ameikwepa kafeini iliyokuwa inamkesheza, na hilo peke yake linaweza kumrudishia usingizi. Tena mchaichai haunywewi kwa haraka. Unasubiri uchemke, unasubiri upoe, na katikati ya kusubiri mtu anakuuliza, "Mbona siku hizi umekuwa kimya, mwanangu?" Swali hilo halipimwi maabara, na mimi nalipa heshima kubwa.

6. Asumini, mrehani na kivumbasi

Namba sita ni ya pua. Asumini na mrehani kwenye kikuba cha bibi harusi. Kivumbasi kwenye chungu cha kujifukizia, blanketi juu ya kichwa, jasho likitiririka, na shangazi akikukataza kutoka kabla hajaridhika yeye.

Mrehani na asumini vina kitu kiitwacho linaloli, kimojawapo cha vitu vinavyovipa harufu yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwanusisha panya linaloli, na panya wakapungukiwa na hofu bila kulegea miguu. Kisha wakawajaribu panya wasioweza kunusa: hakuna kilichotokea. Utulivu ulipitia puani kwenda ubongoni moja kwa moja.

Panya si bibi harusi, hilo tunakubaliana. Lakini waliobuni kikuba na kukiweka karibu na pua walijua mahali pa kukiweka. Kivumbasi nacho, pamoja na shughuli zake nyingine, mbu hawakipendi, na nyumba isiyo na mbu deltani ina amani ambayo hata mimi siwezi kuieleza vizuri. Chandarua kibaki palepale.

5. Ubani, na jirani yake mvuje

Ubani hautoki Rufiji. Ni utomvu wa miti ya Somalia, Oman na nchi za jirani, umekuja na majahazi karne nyingi zilizopita na haujawahi kuaga. Hakuna maulidi bila ubani, hakuna uzazi bila ubani, na fundi, yaani mganga wa jadi, anayefungua kilinge chake bila chetezo wateja watamuuliza kama yuko sawa.

Mwaka 2008 watafiti, wakiwemo wa Jerusalem, walichapisha matokeo kuhusu kiungo kimoja cha utomvu huu, asetati ya insensoli. Panya waliopewa walionyesha dalili za wasiwasi mdogo na huzuni ndogo, kupitia mlango fulani wa chembe za ubongo ambao kwenye ngozi unahusika na kuhisi joto. Panya walipewa kiungo chenyewe, kikiwa kimetengwa, kwa kipimo. Chetezo kimoja sebuleni ni habari tofauti, na moshi mzito kwenye chumba kilichofungwa ni adhabu kwa mwenye pumu. Fungua dirisha; malaika watapita tu.

Sasa mvuje. Nao ni utomvu, wa mmea wa Iran na Afghanistan, na harufu yake inaweza kumwondoa pepo, jirani na mpangaji anayedaiwa. Kumfunga mtoto kifundo cha mvuje mkononi ni mila, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hapa, na hapa sitanii: mtoto akiwa na homa na akaanza kukakamaa na kugeuza macho, hiyo degedege inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Kila saa inayopotea kwenye mvuje na moshi inaweza kuwa ya mwisho. Mchukue na mvuje wake mkononi, panda bodaboda, nenda hospitali. Mkiwa deltani na maji yamekupwa, anzeni kutafuta mtumbwi sasa hivi, msisubiri kupambazuke.

4. Zafarani

Hapa ndipo orodha inapoanza kuwa na uzito. Pwani yote inajua kombe: aya zinaandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji au marashi ya waridi, mwenye dhiki anakunywa. Aya ni za imani, na sizigusi. Wino nauuliza maswali.

Majibu yamekuja kutoka Iran, nchi inayolima zafarani nyingi kuliko nyingine yoyote. Kuanzia mwaka 2004 madaktari wa Tehran waliwapa watu wenye sonona ya kiwango cha chini na cha kati miligramu 30 za zafarani kwa siku, kwa wiki sita, wakawalinganisha na waliopewa imipramini, na baadaye fluoksetini, dawa za hospitali za ugonjwa huo. Zafarani haikuachwa nyuma. Ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa, ilikizidi waziwazi. Majaribio yalikuwa madogo, watu thelathini au arobaini kila moja, lakini yamerudiwa mara nyingi, na sioni tena sababu ya kuyapuuza.

Kabla hujakimbilia dukani: zafarani ya kweli ni nyuzi za ua, bei yake inashindana na ya fedha, na unga mwekundu wa shilingi mia tano ni rangi ya pilau. Rangi ya pilau inatibu pilau. Mjamzito asichezee zafarani nyingi, na anayekunywa dawa za sonona asiiongeze juu yake bila daktari kujua.

Manjano yanastahili kutajwa mlangoni. Kiini chake, kurkumini, kinasifiwa kwa kila kitu, lakini kikinywewa peke yake karibu chote kinapita bila kuingia kwenye damu. Mwaka 1998 wanasayansi wa India walionyesha kuwa kiini cha pilipili manga kinakiongeza kwenye damu mara 20. Mama wa delta anayetia manjano na pilipili manga kwenye mchuzi wa kamba wa tui la nazi alikuwa mbele ya maabara. Ila vidonge vya pilipili manga vinavyouzwa kwa ajili hiyo huongeza pia dawa nyingine kwenye damu, na si kila dawa inapenda kuongezwa.

3. Maji

Ndiyo, maji. Na hakuna mahali duniani penye haki ya kuyaweka kwenye orodha hii kuliko Rufiji.

Ngarambe, miaka ya 1904 na 1905, mganga Kinjikitile Ngwale aligawa maji yaliyochanganywa na mbarika na mtama, akiahidi yatawakinga watu na risasi za Wajerumani. Watu walitoka Umatumbi, Ungindo na pande zote za mto kuyafuata. Waliokuwa wakilimishwa pamba kwa viboko, kila kabila na woga wake, walirudi makwao wakiwa kitu kimoja. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vya Majimaji vilikuwa vimeshawaka na viliendelea hadi 1907. Maji hayakuzuia risasi, na maelfu walilipa kwa maisha yao. Mioyo yao, hata hivyo, ilikuwa imeinuka kweli.

Ubongo unafanyaje hivyo? Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwachoma wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, sindano ya maji ya chumvi, bila wagonjwa kujua kama ni dawa au siyo. Picha za ubongo zikaonyesha dopamini, kemikali ya ubongo, ikimiminika. Dopamini yao wenyewe, iliyotolewa na matumaini. Kwa hiyo mtu akikuambia "nilijisikia vizuri palepale kwa fundi," usimwite mwongo. Ubongo wake ulishiriki.

Na kwa fundi wanakwenda wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Dar es Salaam ulikuta karibu nusu ya waliokuwa wakisubiri kwa waganga wa jadi wana sonona, wasiwasi au matatizo ya aina hiyo. Kwenye zahanati ilikuwa kama robo. Naielewa foleni hiyo. Zahanati unaulizwa "Unaumwa nini?" na kabla hujameza mate umepewa karatasi. Fundi anakuuliza jina la mama yako, nani kakuudhi, umeota nini. Tangu sheria ya mwaka 2002 waganga wanasajiliwa na wana baraza lao. Ningefurahi sana kila fundi wa Kibiti awe na namba ya simu ya nesi, na kila nesi ya fundi, na wapigiane bila kununiana.

Mpaka wa maji ni uleule wa 1905: yanainua moyo, hayazuii risasi. Mtu asiyetoka kitandani wiki mbili mfululizo, aliyeacha kula, au anayesema heri afe, anahitaji zaidi ya matumaini. Kibiti kuna hospitali ya misheni ya Mchukwi. Dar kuna Muhimbili. Msindikizeni, msimwelekeze njia tu.

Mgeni asiye na namba

Kuna chupa ya vidonge inayoingia kutoka Ulaya na Marekani, inapatikana madukani mijini na mtandaoni: haiperikumu, mmea wa maua ya njano. Ndiyo mitishamba iliyochunguzwa kuliko yote kwa sonona. Mapitio ya mwaka 2008 yalikusanya majaribio 29 yenye watu zaidi ya 5,000, na kwa sonona ya kawaida ilifanya vizuri. Sasa kwa nini siipi namba?

Kwa sababu inaliamsha ini liteketeze dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Tangu mwaka 2000 inajulikana kwamba inapunguza baadhi ya ARV kwenye damu. Inapunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo aliyeinunua kuondoa mawazo anaweza kupata mapacha wa kumpa mawazo mapya. Mapacha ni baraka. Virusi vilivyozoea dawa si baraka. Unatumia ARV? Iache dukani.

2. Rauvolfia

Utani upumzike kidogo. Wachaga wanamjua mmoja wa ukoo huu wa mimea kwa jina la msesewe, gome lake linatiwa kwenye pombe ya mbege. Ndugu yake mwingine, Rauvolfia mombasiana, anaota kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Waganga wa Kiyoruba kule Nigeria walitumia mzizi wa ndugu wa tatu kumtuliza mwenye kichaa, na Wahindi wa nne, tangu zamani.

Mwaka 1931 madaktari wa India waliandika kuwa mzizi huo unatuliza wendawazimu na kushusha presha. Mwaka 1952 kampuni ya Ciba ya Basel ikatoa kiini chake, reserpini, na muda mfupi baadaye hospitali za akili za Marekani zilikuwa zinaitoa kwa wagonjwa. Wazee walikuwa sahihi, kabisa.

Halafu baadhi ya waliokuwa wakiinywa kwa ajili ya presha wakaanza kuzama kwenye huzuni. Watafiti wakagundua kuwa reserpini inamwaga akiba ya ubongo: serotonini, noradrenalini, dopamini, zote zinakauka. Mzizi unaomtuliza anayepiga kelele sokoni unaweza kumzamisha anayelia chumbani. Kwa hiyo dawa iliyomtuliza mjomba mwenye kichaa usimpe dada mwenye sonona kwa hoja kwamba yote ni magonjwa ya akili. Fundi mzuri anatofautisha. Asiyetofautisha, mshukuru kwa muda wake, uondoke.

1. Upupu

Najua unajikuna tayari.

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua: yule mtundu wa darasa la sita, kola ya shati lako, na mwalimu aliyedhani unacheza. Vinyweleo vya ganda lake vina kimeng'enya kinachochochea mishipa ya muwasho. Lakini pita vinyweleo, fungua ganda, ufike kwenye mbegu. Ndani yake mna levodopa, asilimia kadhaa ya uzito wake: malighafi ambayo ubongo hugeuza kuwa dopamini, na ambayo ndiyo kidonge kikuu cha ugonjwa wa Parkinson duniani.

Na hapa namba 1 na namba 2 zinakutana. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, ile ya mzizi. Sungura wakalala kama wamekatika, masikio chini. Akawadunga levodopa, ile ya upupu. Baada ya dakika chache wakainuka, masikio juu, wakaanza kutembea. Ndivyo ulimwengu ulivyojua kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe ubongoni, na mwaka 2000 Carlsson akashiriki Tuzo ya Nobel. Mimea miwili ambayo kila mmoja ana ndugu zake kwenye misitu na mashamba yetu ndiyo iliyobeba siri hiyo.

Mwaka 2004 madaktari wa London waliwapa wagonjwa wanane wa Parkinson gramu 30 za unga wa mbegu za upupu. Ulianza kazi kwa takriban dakika 35, wakati kidonge cha kawaida kilichukua 69, na ukadumu zaidi. Ukilinganisha na utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliokuta wengi wa wenye Parkinson hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini, moyo unauma. Wazee wanatetemeka mikono, wanatembea kwa kuburuta, na majirani wanasema ni uzee au wamerogwa.

Usiende porini bado. Mwaka 1989, wakati wa ukame na vita, watu zaidi ya 200 huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, walipata wazimu wa ghafla baada ya kula upupu. Kwa kawaida waliuchemsha mara kadhaa na kumwaga maji. Safari hii maji yalikuwa haba, wakala na mchuzi wake. Mbegu ileile, dopamini ileile, imezidi kipimo. Na kwa sonona upupu hauna ushahidi wa kutosha. Dopamini ya ziada humpa mtu mwenye mwelekeo wa kichaa kile hasa asichokihitaji.

Ninachokitaka kwa upupu wa Rufiji ni mizani. Muhimbili imekuwa ikichunguza dawa za asili tangu miaka ya 1970, na barabara ya lami kutoka Kibiti inafika huko ndani ya siku. Mbegu za Kibiti, Ikwiriri na Mohoro zipelekwe, levodopa ipimwe gunia kwa gunia, ijulikane gramu ngapi zinamtosha mzee wa miaka sabini mwenye kilo hamsini, na kijijini apatikane nesi wa kumfuatilia. Wakulima walipwe, kama wanavyolipwa kwa korosho. Wachumaji wapewe glovu, na shati la mikono mirefu, na mtu wa darasa la sita asikaribie gunia.